Ndani ya Tangi la Wafadhili

...na ngazi yenyewe hata si ya Kituku, ngazi ni ya kundi, ilikuja na ule ufadhili wa korona siku moja na tangi hili na sabuni na zile fulana za njano zinazomfanya kila mtu aonekane kama ndizi, kwa hivyo Kituku hakuwa na ruhusa ya kuibeba tu na kuondoka, angegonga plastiki aseme, Gabu, naenda na ngazi nikafunge bango la kumkaribisha mgeni, na Gabu angemjibu ngoja nimalize kwanza, yangeisha, lakini Kituku ni mtu wa kubeba leo na kufikiri keshokutwa, na ukweli mwingine, huu Gabriel hatamwambia mtu hata akibanwa, ni kwamba Kituku alitaka kumteremshia ngazi humu ndani tangu mwanzo, ni Gabu mwenyewe aliyesimama juu kwenye mdomo wa tangi, kifua wazi, brashi begani kama bunduki, wasichana wa kibanda cha chapati wakimwangalia, akasema ngazi ni ya wazee, mimi huingia kama paka, akaruka, akatua kwenye matope ya kijani, akateleza, akakaa kitako, na bado akapaza sauti kutoka chini kwamba rubani ametua salama. Sasa rubani yuko chini ya tangi la lita elfu kumi, suruali imekunjwa magotini, povu la jiki linamla vidole vya miguu, shimo la kutokea liko kule juu, duara la anga la Voi jeupe kwa joto, ameruka akashika hewa, ameruka tena akashika hewa ileile, kuta zimepakwa sabuni na mkono wake mwenyewe na hakuna mtu Birikani nzima anayesugua kama Gabu, amezisugua mpaka nzi hawezi kusimama, na hapo ndipo aliposikia mlango wa gari ukifungwa, si lori, gari dogo, halafu sauti ya Teresia mwenyekiti, ile sauti yake ya wageni na ya kanisani, "Karibu Bi Khairat, karibu sana, sisi tulikuwa tunakungoja na treni," na sauti ya mwanamke ikajibu kwa utulivu wa watu wa Mombasa, "Nilipata gari la rafiki yangu yuwaja huku, nikaona nisingoje treni, si nimewahi vizuri?"... amewahi, mama, amewahi mpaka ameharibu kila kitu, kwa sababu mpango ulikuwa umepangwa ukapangika, lori la maji lije kwanza lijaze tangi, Kituku afungue kufuli ya koki, halafu ndiyo treni ifike stesheni, mgeni aletwe, anawe mikono, apigwe picha akicheka na maji, arudi kwa wakubwa wake akawaambie kundi la Inuka Birikani linafanya kazi, awamu ya pili ipite. Lori ndilo halijafika. Kituku ameenda barabara kuu kulingoja dereva asije akapitiliza mpaka Maungu, ngazi ameiacha huko kwenye bango, ufunguo wa koki uko mfukoni mwake, na ndani ya tangi, mahali pa maji, yuko Gabu.

Na si kwamba mtu amekula kitu, hilo liwe wazi, hakuna aliyekula, ni ndovu, ndovu walitoka mbugani kiangazi kilipokaza, wakanusa bomba kule upande wa Ikanga, wakalikanyaga, wakalifumua kama mtoto anavyofumua mua, wakanywa, wakajimwagia, wakaenda zao bila hata kusema asante, na tangu hapo koki za huku zinatoa upepo, Birikani wote wanajua, mtoto wa chekechea anajua, ila mwaka jana bomba lilipopasuliwa mara ya kwanza Teresia alimweleza bosi mmoja wa wafadhili kwa simu, akasikia ofisi nzima ikicheka, bosi akamuuliza kama ndovu nao wamegawiwa barakoa, na tangu siku ile Teresia ameapa neno ndovu halitatoka kinywani mwake mbele ya mtu wa wafadhili, jana kwenye mkutano alisimama akasema, "Nikiwaambia tangi limejaa wataamini, nikiwaambia ndovu watacheka, nyinyi mnataka waamini au mnataka wacheke?" na wa kwanza kuinua mkono kukubali alikuwa nani kama si Gabu, akainua yote miwili, akaongeza kwamba yeye ndiye atakayeliosha tangi ling'ae hata ndani, kana kwamba mgeni atatumbukiza kichwa humu kukagua, na watu wakampigia makofi, na anavyopenda makofi huyu. Angeita tu. Oya, nitoeni. Mtu wa kawaida angeita, lakini mgeni atauliza kijana anafanya nini ndani ya tangi la maji, na Teresia atajibu nini, kwamba anaogelea? Kwa hivyo tulia, Gabu, pumua polepole, jiki inapanda puani, jasho limeingia machoni, tangi jeusi na jua la Voi vikikutana humu ndani ni kama kuwekwa kwenye sufuria kifuniko kikafunguliwa kidogo ili usife haraka. Nje wanamnawisha mgeni kwa kibuyu chirizi, ule mtungi wa plastiki unaoinamishwa kwa kamba ya mguu, anasikia maji yakidondoka, ch-ch-ch, maji aliyoyabeba yeye mwenyewe asubuhi kwa boda kutoka kwa jirani mwenye kisima, na Bi Khairat anasema, "Mashaallah, mumejipanga," halafu, "Na hili ndilo lile tangi letu?" "Ndilo hili." "Lina maji?" na Teresia, mzee wa kanisa, mama wa watoto na wajukuu, bila hata kumeza mate, "Limejaa mpaka juu." Laini kabisa. Gabu mwenyewe, bingwa wa kuuza stori kwa abiria wa boda yake, hajawahi kusema uwongo laini hivyo. "Basi nifungulieni koki kidogo." "Koki tumeifunga kwa kufuli, watoto humwaga maji, kijana wa ufunguo ametoka kidogo anarudi." "Haya, tutamngoja." ...usimngoje, dada yangu, Kituku ukimngoja unazeeka, panda gari la rafiki yako uende Wundanyi ukapoe na baridi urudi jioni, lakini hapana, anasikia viti vinavutwa kivulini, na kivuli pekee hapa ni cha tangi, wamekaa hapohapo, amezungukwa, hawezi hata kupiga chafya.

"Tukiwa twangoja, nionyeshe watu wako," Bi Khairat anasema, na humu ndani Gabu anajikuta amesimama wima, amejifuta uso kwa kiganja, amevuta tumbo, mjinga, nani anakuona, ila ndiyo saa yenyewe hii, aliisubiri tangu mwezi uliopita Teresia alipomwambia Gabu wewe ndiye mdomo wa kundi letu, na mdomo wa kundi ni nani kama si mratibu, mwenye kofia na mshahara mdogo na simu ya kazi, mtu anayelala usingizi bila kusikiliza kama pikipiki yake inaibwa, ameshawaambia stage nzima ya boda wamwite bosi, wakakataa, wakamwita Ndizi Mkuu, lakini hayo ni wivu, nani alipiga simu ofisi ya wafadhili kila siku mpaka wakamjua kwa sauti, kwa bando lake mwenyewe, nani alisimama pale chini ya taa za sokoni akamrekodia Teresia ombi zima kwa maneno wakati wenye diploma walikuwa wanatafuta kalamu, aliacha shule kidato cha pili na bado ndiye aliyeleta tangi Birikani, andika hilo mahali... "Na huyu," sauti ya Teresia ikasema, imejaa tabasamu, "ndiye atakayekuwa mratibu wetu awamu ya pili. Maundu. Ana diploma, tunashukuru Mungu." Maundu. Maundu ambaye kipindi kizima cha kafyu alikuwa amejifungia kwao anakula viazi vitamu na kusema virusi viko hewani. Maundu anasema, "Shikamoo Bi Khairat," mjanja, shikamoo kwa mtu wa rika lake karibu, na mgeni anacheka, "Marahaba, usinizeeshe," halafu kitu kikatokea ambacho Gabu hakukitarajia, mgeni akauliza, "Na yule kijana aliyekuwa akitupigia simu kila uchao? Gabriel, si ndilo jina lake? Yuko wapi?" na moyo wake ukaruka juu kuliko yeye mwenyewe alivyoruka, ukakaribia kushika ukingo, na Teresia akacheka kile kicheko cha pua, "Gabu? Aah, yule ni wa kelele tu na kutumwa dukani. Amesomea wapi yule? Ametoka kidogo." Ametoka kidogo. Ametoka wapi, mama, hapa hakuna mlango.

Neno moja tu. Anajaza kifua, jiki inamkwaruza mpaka kwenye mapafu, hata si lazima liwe neno, ateme mate, aangushe brashi, kila kitu kimwagike, tangi lenu limejaa mpaka juu eeh, limejaa mimi, haya Maundu mwenye diploma eleza hilo kwa Kiingereza, na atatoka humu akiwa amelowa povu kama mwendawazimu lakini watamjua amesomea wapi, amesomea humu, na alikuwa ameshafungua mdomo, ulimi uko tayari kwenye meno, ndipo akasikia kikohozi. Kidogo, kikavu, cha kufichwa ndani ya kiganja, siku hizi mtu akikohoa wote wanageuka kwa hivyo kila mtu amejifunza kukohoa kama mwizi, na halafu chuma kikikwaruza plastiki hapo karibu na kiwiko chake, kri, kri, pete, pete ya mama yake, anaijua, huigeuzageuza kidoleni akiwa na wasiwasi. Kwa hivyo Dinah yuko hapo. Mama yake amekuja na fulana yake ya njano, ameacha viti vyote, ameegemea tangi upande huu, na anajua, kwa sababu ndiye aliyemwambia asubuhi, usiruke Gabriel, teremka na ngazi kama watu, na yeye akamjibu mama wewe ukae ufurahie shoo. Amekuja kusikiliza kama mwanawe bado anapumua. Mdomo ukajifunga wenyewe. Kwa sababu awamu ya pili si kofia ya Maundu peke yake, awamu ya pili ni unga tena na mafuta tena, na cherehani watakazogawana akina mama waliorudishwa kutoka lojini, na Dinah ni wa kwanza kati yao, miaka yote ile alikuwa akifua mashuka ya watalii ndani ya mbuga, alikuwa akirudi likizo na harufu ya pasi ya moto na sabuni nzuri, mpaka ndege zikasimama, watalii wakakatika, siku hiyo alishuka na mfuko mmoja na akasema watatuita, akaiweka simu kifuani hata akilala, watatuita, ikilia anaruka, ni Gabu tu anauliza chakula kiko wapi. Hawajaita. Akaacha kuiweka kifuani, akaiweka kabatini, na hicho ndicho kitu Gabu hapendi kukiangalia, lile kabati. Halafu ikaja ile siku ya kugawa unga awamu ya kwanza, yeye ndiye aliyesimama mbele, kizibao cha kung'aa, kipaza sauti alichoazima msikitini, mita moja, mita moja, mama wewe si mke wa huyo usimkumbatie, watu wakicheka ndani ya barakoa, na kwenye foleni akaja mwanamke amefunga leso mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho, ameinama, angeweza kuwa mtu yeyote, isipokuwa miguuni alikuwa amevaa raba nyeupe za lojini, zilizopigwa chaki zikang'aa kana kwamba anaenda zamu, na Gabu alizijua, alizipiga chaki yeye mwenyewe alipokuwa mdogo, na akafanya jambo la akili kuliko yote aliyowahi kufanya, alinyamaza. Hakutania. Hakumwangalia usoni. Alimpa unga, mafuta, sabuni juu, akasema anayefuata, na wala usiku ule nyumbani hawakulizungumza, unga ulikuwa tu jikoni kana kwamba umeota, na yeye alilala akijisifu, tazama, Gabu naye ana heshima, Gabu naye anajua kumstiri mtu.

"Nyinyi mwanifanya nisubiri," Bi Khairat anasema kwa utani, kiti kikalia, amesimama, "mimi mtoto wa Kibokoni, nyumbani kwetu tangi twaligonga tu twajua," na Teresia anasema haraka mno, "Hakuna haja ya kujichosha dada, kaa," lakini viatu vinakuja kwenye kokoto, na hili hata Gabu mwenye majibu yote hakulifikiria, kugonga, kila mtu hugonga, tangi tupu hulia kama ngoma na lililojaa hunung'unika tu, kidole kimoja kikigusa mahali popote Teresia ataumbuka, na awamu ya pili itapanda gari la rafiki irudi Mombasa... viatu vimesimama upande wa koki, na kabla hajajua anafanya nini ameshafika huko, amejibandika ukutani, kifua, tumbo, mapaja, shavu, viganja vimetanuliwa, amekuwa plasta, plastiki ya moto inamchoma chuchu, na kidole kikaja. Pu. Mlio mzito, mfupi, umezimika kitovuni mwake. Pu. Kwenye mbavu. "Mm," anasema Bi Khairat, na anasogea, na Gabu anasogea naye, kwa ncha za vidole ndani ya povu maji yasilie, mguu, mguu, kama watu wanaocheza dansi na ukuta katikati, pu, kwenye bega, pu, anajikunyata afuate mkono unaoshuka, yeye, Gabriel, anayesikika kutoka stage mpaka relini, amegeuka maji, anajaza tangi kwa ngozi yake, na kule nje wamshukuru nani, wamshukuru Maundu. Kidole kikaacha. Hajui kama ameamini au anafikiri, watu wa Mombasa kimya chao hakisomeki, anasikia damu yake mwenyewe masikioni na duara la anga limeanza kucheza, linakua, linapungua, labda ni jiki, labda ni joto, akikaa kidogo, ashike magoti, lakini akikaa maji yatalia, basi abaki hivi, shavu ukutani, na ukutani upande wa pili, kri, pete imemfuata, mama yake naye amezunguka.

"Na wewe mama waitwaje?" Bi Khairat anauliza, sauti imeshuka, imekuwa ya karibu. "Dinah. Mama Gabriel." "Ooh, mama yake yule wa simu. Msaada wa kwanza ulikufikia?" "Ulinifika. Unga, mafuta, sabuni." "Ukakufaa?" "Ulinifaa, asante." Hapo ndipo pa kuishia, Teresia aliwafundisha wote jana, ulinifaa asante, funga mdomo, tabasamu, na Gabu anangoja mama yake afunge mdomo kwa sababu Dinah si msemaji, maneno yote ya nyumba yao alipewa mtoto, lakini pete ikakwaruza tena na sauti yake ikaendelea, polepole, ile ya kuzungumza na mtu akiwa anakunja shuka. "Ila nilikuja nimejifunika. Mimi nimezoea kufanya kazi nalipwa, sijazoea foleni. Nilifunga leso hivi, mpaka hapa. Kijana aliyekuwa anagawa akanijua." "Alikuita?" "Hapana. Nilimwona macho yameshuka kwa viatu vyangu, yakakaa, halafu yakaenda pembeni. Akanipa, akasema anayefuata." "Alikuwa akikustiri, mama." "Watu waliniambia hivyo pia." Teresia anakohoa kikohozi cha mwenyekiti. "Lakini mimi nilibeba ule unga mpaka nyumbani nikifikiri, huyu mtoto ameona haya na mimi. Wengine wote aliwatania, mpaka nyanya wa pale kona alimtania akacheka. Mimi tu alinipa kama maiti inavyopewa sanda. Ningetaka aseme mama, mita moja, kama alivyowaambia wengine. Angesema tu mama, mbele ya watu wote, hata hiyo leso ningeifungua." ...hapana, subiri, hapana, si hivyo ilivyokuwa, mama, si hivyo, anataka kumwambia, nilikuwa nakufichia, nilikuwa na akili siku ile, ile ndiyo siku pekee niliyokuwa na akili, na shavu lake liko hapo kwenye plastiki na upande wa pili, unene wa kidole tu, uko mgongo wa mama yake, anausikia ukisogea, na hawezi kusema, na miezi yote hii alikuwa akikatiza jikoni akichukua chapati akipiga kelele kuhusu simu ya kazi na kofia, na mama yake amekaa pale na hiyo, anaikunja, anaikunjua, mtoto wangu ameona haya na mimi, na angemuuliza, si angemuuliza tu, na angemuuliza saa ngapi, Gabu hajawahi kunyamaza muda wa kutosha mtu kuuliza kitu, isipokuwa siku ile moja, siku ile moja ndiyo aliyonyamaza, na ilikuwa mbaya kuliko kelele zake zote.

"Mama Gabu, mgeni ana safari," Teresia anasema, na Maundu anaongeza kwamba labda sasa tuonyeshwe eneo la sabuni, eneo la sabuni, ni kabati, diploma inaita kabati eneo, lakini Bi Khairat haondoki, viatu vyake havijasogea, anasema, "Ngojeni kwanza," halafu anauliza, si Teresia, si Maundu, anamuuliza aliyeegemea tangi, "Na maji je, mama Dinah? Hapa maji mwayapata?" ... na hakuna jibu. Gabu anahesabu pumzi zake na hakuna jibu. Kwa sababu anajua, hakuna mtu hapo nje anayejua kama yeye, Dinah hadanganyi, si kwamba ni mtakatifu, hawezi tu, mdomo wake hauna hiyo njia, wakati wa kafyu polisi walimfukuza Gabu usiku mpaka mlangoni, akajitupa chini ya kitanda, wakamuuliza mama yake, mwanao yuko ndani, na alisimama pale na taa mkononi akanyamaza, hakusema yuko, hakusema hayuko, alinyamaza mpaka wakachoka na kimya chake wakaenda kumtafuta kwa jirani, na alipotoka chini ya kitanda akicheka, akitaka wacheke wote, alimkuta amekaa, akamwambia neno moja, usiniweke hapo tena. Na amemweka. Yuko hapohapo tena leo, mchana kweupe, amesimama kati ya swali na mwanawe, akisema tunapata amejivunja kwa ajili ya mikono miwili iliyoinuliwa na mwanawe mkutanini, akisema hatupati kundi zima litamla macho, cherehani zimekwenda, yeye ndiye aliyeziua, si ndovu, si Teresia, Dinah, na atarudi nyumbani na hilo pia akalikunje juu ya lile la kwanza. "Mama?" Bi Khairat anasema, taratibu. Pete imenyamaza. Haikwaruzi hata kidogo, na hiyo ndiyo inayomtisha, na Teresia ananong'ona kitu kwa Kidawida, lugha yao ya nyumbani, haraka, cha kumhimiza, sema basi, sema tu.

Wacheke. Kama ni kucheka wacheke, ofisi nzima, wapige meza, atasema ndovu, atasema ndovu na Ikanga na bomba limefumuliwa kama mua, na asipoamini panda boda sasa hivi Bi Khairat nikupeleke, nyayo ziko pale kwenye matope zimekauka, unaweza kumwogesha mtoto ndani yake, na mavi makubwa kama karai, gusa mwenyewe, na kama pesa za awamu ya pili zitapotea basi lawama zimwendee yeye, yeye ndiye aliyekuwa ndani ya tangi, yeye ndiye aliyekubali, aitwe mwongo Gabu, amezoea, ana mgongo wa kubebea hilo, kofia abaki nayo Maundu inamfaa kichwa, lakini kwanza kabla ya ndovu kuna neno lingine linatakiwa kutoka, fupi, mtoto wa mwaka mmoja analiweza, lile ambalo hakulisema siku ya foleni ya unga. Akabandua shavu ukutani. Akabandua kifua, kikabanduka kwa sauti ndogo kama plasta, kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto, akarudi nyuma hatua kwa hatua ndani ya povu, safari hii bila kujali maji yanalia, mpaka akafika katikati, mahali ambapo mkono wake haugusi ukuta wowote, na tangi likawa tupu kama lilivyo. Juu duara la anga lilikuwa lilelile jeupe, lori halijalia, ngazi iko kwenye bango, kufuli iko kwenye koki. Akavuta hewa yenye jiki mpaka chini ya mbavu, na nje mama yake alikuwa bado hajajibu.